Miche Hufa Likizo Ndefu

Juni 5, nilipokuwa mwaka wa pili, tulipanda miche nyuma ya hosteli. Tarehe naikumbuka kwa sababu ilichapwa mgongoni mwa fulana, na fulana ile bado ninayo, siku hizi nafutia pikipiki. Mgeni rasmi aliyesubiriwa saa tatu aliingia saa tano na nusu. Akapanda mche mmoja kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa, akaumwagia maji kwa jagi, akanawa mikono, akapigwa picha. Sisi tukamalizia iliyobaki mbiombio, maana jua lilishakuwa kali na pilau ilikuwa inapoa. Mwezi uliofuata tukafanya mitihani, chuo kikafungwa, kila mtu akapanda basi la kwao. Tuliporudi Oktoba tulikuta vijiti vimesimama kwenye mashimo kama mishikaki. Ulipona mmoja tu, mwembe uliokuwa karibu na mlango wa nyuma, pale mama wa usafi alipokuwa akimwaga maji ya kudekia.

Chuo chenyewe sikitaji. Kisa hiki nimesimuliwa na watu wa vyuo vingine tele, kinachobadilika ni rangi ya fulana.

Kwenye kikao cha klabu tulilaumiana. Mmoja akasema wanafunzi wa siku hizi hawana uchungu na mazingira. Mwingine akapendekeza semina ya uhamasishaji, na semina ikafanyika, na chai yake ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeuliza kitu kidogo kabisa: Agosti, wakati ile miche inakauka, nani alikuwa pale?

Ukitaka kuelewa kwa nini juhudi nyingi za mazingira vyuoni huanza kwa vigelegele na kuishia kimya, anza na swali hilo. Watu hudhani tatizo ni elimu, kwamba mwanafunzi hajui. Anajua sana. Ameimbishwa utunzaji wa mazingira tangu darasa la kwanza. Tatizo la chuo ni la muda: nani yupo lini, anakaa kwa muda gani, na bili ikija inamkuta nani.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoua miche. Ukanda wa pwani una mvua mara mbili kwa mwaka. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati yake, Juni mpaka mwanzoni mwa Oktoba, ni kiangazi. Vyuo vingi vya Tanzania hufunga Julai na kufungua Oktoba au Novemba. Likizo ndefu, kwa hiyo, imelala juu ya kiangazi kama kifuniko juu ya sufuria. Sasa ongeza Siku ya Mazingira Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipanga mwaka 1972 iwe Juni 5 kwa sababu siku hiyo ndipo mkutano wa Stockholm ulipofunguliwa. Kwa Stockholm Juni ni mwanzo wa majira ya joto, mimea inachangamka. Kwa Dar es Salaam ni wiki ambayo masika yameshaaga. Mche unaopandwa siku hiyo unapewa wiki chache za unyevu uliobaki ardhini, kisha unaachiwa miezi minne ya jua bila mtu.

Fanya hesabu ya kawaida. Chukua miche 200, kila mmoja upewe lita 10 kwa wiki, kiasi cha kuushikilia tu usife. Ni lita 2,000 kwa wiki. Kwa wiki 16 za likizo ni lita 32,000, yaani madumu 1,600 ya lita ishirini. Nani atayabeba? Kwenye bajeti ya siku ya kupanda kulikuwa na fulana, turubai, spika, maji ya chupa na posho ya dereva. Dumu halikuwemo hata moja.

Wala dawa yake si ngumu. Mche huohuo ukipandwa Novemba, vuli inapokolea na wanafunzi ndiyo kwanza wamefika, unapata mvua za vuli, unavumilia jua la Januari na Februari wakati watu wapo, unanyeshewa masika yote, na kiangazi kinaukuta na mizizi iliyoshuka. Ukiuwekea matandazo ya majani makavu shinani, maji yatakaa zaidi. Dodoma hali ni ngumu kidogo, kwa kuwa mvua ni za msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na ukame unaofuata ni mrefu kuliko wa pwani. Chuo kikubwa kama UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichobuniwa kibebe wanafunzi 40,000, kikipanda bila kupanga maji ya kiangazi kinapanda kuni. Tofauti kati ya msitu na mishikaki ni tarehe, na tarehe hiyo haigharimu senti.

Ila Novemba haina sherehe. Hakuna mgeni rasmi wa Novemba.

Kuna mtu aliyeliona hili mapema kuliko sisi sote. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1971 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 aliweka utaratibu wa kuwapa kina mama wa vijijini fedha kidogo kwa mche. Siri ilikuwa kwenye masharti: malipo yalikuwa kwa mche ulioshika na kuishi. Iliyohesabiwa ni iliyo hai. Jaribu kufikiria klabu ya chuo inayoripoti hivyo, mwezi wa kumi na moja, miche mingapi ya mwaka jana inapumua. Ripoti nyingi zingekuwa na mstari mmoja.

Sasa toka kwenye miche uingie kwenye umeme, utakuta mambo ni yaleyale, ila yamevaa nguo nyingine.

Mwanafunzi anayekaa geto nje ya chuo anajua umeme kuliko mhandisi. Wanachanga LUKU, umeme wa kulipia kabla, na yuniti zikianza kupungua pasi inapigwa marufuku, anayelala na taa anaamshwa. Mwanafunzi huyohuyo akipata chumba hosteli, wiki ya pili anachaji simu, kompyuta na betri ya mwenzake, feni inazunguka chumba kikiwa kitupu, na kuna koili ya kuchemshia maji chini ya kitanda. Hajabadilika tabia. Kilichobadilika ni bili. Hosteli amelipia kwa mwaka, kiasi kilekile awashe asiwashe, na mita haioni. Hata watu wanaobebana, wawili kitanda kimoja, bili yao ni ileile.

Chukua taa za mirija za zamani, zile ndefu za wati 36. Kumbi za mihadhara zikiachwa na taa 100 za namna hiyo tangu jioni hadi alfajiri, jumla ya saa 12, zinakula zaidi ya yuniti 43 kwa usiku mmoja. Geto la watu wawili wasio na friji, wenye taa mbili za LED, kompyuta na simu zao, wanaweza kwenda na nusu yuniti kwa siku. Usiku mmoja wa ukumbi ni karibu miezi mitatu ya geto. Na anayefunga ukumbi ni mlinzi ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia taa ni kazi yake pia.

Siku moja mimi na wenzangu wawili tulikwenda ofisi inayoshughulika na majengo kuomba takwimu za matumizi ya umeme ya kila hosteli, tufanye mashindano, hosteli itakayopunguza zaidi ipate zawadi. Bwana aliyetupokea alitusikiliza kwa upole, akatuuliza tumesoma nini, kisha akatuambia, "Wanangu, mita iko getini." Tukadhani anatania. Hakuwa anatania. Bili inakuja moja kwa chuo kizima, na hosteli gani imekula nini hakuna ajuaye. Mashindano yetu yakaishia mlangoni. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba bila mita ndogo kwenye kila jengo, kampeni ya "zima taa" ni mahubiri tu, maana hata ikifanikiwa hakuna atakayejua, na hata fedha ikiokolewa haionekani imetoka wapi wala irudi kwa nani. Kibandiko ukutani ni rahisi kuliko mita, ndiyo maana vyuo vina vibandiko vingi.

Upande wa pili kuna mfano wa kazi iliyokaa. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, mwaka 2014 kilifunga juu ya mapaa yake paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 600. Watu hupenda kuangalia paneli, mimi napenda kuangalia karatasi zilizo nyuma yake. Fedha ilikuwa mkopo wa masharti nafuu kutoka shirika la maendeleo la Ufaransa uliopitia benki ya hapohapo Kenya, na chuo kiliingia mkataba na Kenya Power wa kuuza umeme unaozidi. Sola na chuo vinapatana kwa asili: madarasa, maabara na ofisi hula umeme mchana, jua nalo hutoka mchana. Tatizo ni Jumapili na likizo, umeme upo na walaji hawapo. Kama hakuna pa kuupeleka, unapotea. Mkataba wa kuuza ziada ndio unaoziba pengo hilo, na bila huo hesabu ya kulipa mkopo inakuwa nzito.

Wanafunzi wameingiaje hapo? Si kwa kushika bango. Sheria ya Kenya tangu 2012 inamtaka fundi wa sola awe na leseni, na kituo cha utafiti wa nishati cha chuo hicho kinafundisha mafundi hao. Paa limekuwa darasa. Atakayehitimu anaondoka na ujuzi, paneli zinabaki, na darasa linalofuata linakuta kitu cha kushika. Ushiriki wa namna hiyo haukatwi na kufunga chuo.

Jikoni ndiko mambo yanakosongamana zaidi, na nashangaa klabu za mazingira huwa haziingii huko. Labda kwa sababu ya moshi. Chakula cha chuo hupikwa na mzabuni. Sufuria za maharage ni kubwa, maharage yanataka moto wa saa nyingi, na kwa miaka nenda rudi moto huo ulikuwa wa kuni au mkaa. Mkaa wenyewe una hasara kabla haujafika jikoni: kwenye tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa hutoka kwenye kilo 5 hadi 10 za mti. Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi.

Agizo ni zuri. Lakini mwangalie mzabuni. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, labda miwili. Kufunga mfumo wa gesi wenye mitungi mikubwa, mabomba na majiko yake ni fedha ambayo inarudi taratibu, kwa miaka. Akifunga leo, mwakani zabuni akapewa mwingine, ametajirisha mwenzake. Kwa hiyo anafanya mojawapo ya mambo mawili. Anaweka jiko moja la gesi mbele, la kuonyesha wakaguzi, na mkaa unaendelea nyuma ya ukuta. Au anahamia gesi kweli na wali maharage unapanda bei. Bei ikipanda, mwanafunzi ambaye bumu, fedha yake ya mkopo, limekwisha tangu wiki ya tatu anarudi chumbani, anafunga mlango, anatoa koili au jiko dogo la umeme la kupikia wali lililofichwa kwenye begi. Moshi umeondolewa jikoni, umehamia kwenye mita. Na mita, tumeshasema, iko getini.

Kwa hiyo jiko likiwa mali ya chuo, mzabuni akaja na sufuria na wapishi tu, kikwazo kikubwa kinaondoka. Ni mabadiliko ya kifungu kimoja kwenye hati ya zabuni. Serikali ya wanafunzi, ambayo mara nyingi ina mtu wake kwenye kamati ya chakula, inaweza kukidai kifungu hicho kwenye kikao cha saa mbili, na athari yake ikapita ya wiki nzima ya usafi. Lakini rais wa wanafunzi naye ana mwaka mmoja. Miezi mitatu ya kwanza anajifunza ofisi, mitatu ya mwisho anafikiria sapu, yaani mitihani ya kurudia.

Umeona inavyokwenda. Mwanafunzi ana miaka mitatu, kiongozi wake mmoja, mzabuni mmoja au miwili, na hata kazi ya usafi sehemu nyingi siku hizi ni ya kampuni ya mkataba. Chuo ni mji wa wapita njia. Mji wa namna hiyo ukitegemea moyo wa mtu mmojammoja, kila Oktoba unaanza upya.

Kuna sehemu moja ya chuo ambayo haiendi likizo, na karibu hakuna anayeitembelea kwa hiari. Ni mabwawa ya majitaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake pale Mlimani, na wahandisi wa chuo hicho wameyafanyia utafiti kwa miaka mingi, pamoja na ardhioevu za kutengenezwa, yaani vitanda vya kokoto vilivyooteshwa matete, ambamo maji machafu hupita polepole na kutoka yakiwa na nafuu. Namna mabwawa yanavyofanya kazi ni jambo la kupendeza ukishavumilia harufu. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, hewa haifiki chini, uchafu mzito unatuama na vijidudu visivyohitaji oksijeni vinautafuna. Maji yanamwagikia bwawa la pili, lenye kina kifupi zaidi na upana mkubwa, ambamo mwani wa kijani unatengeneza oksijeni kwa jua la mchana na vijidudu vya aina nyingine vinaendelea na kazi. La mwisho ni la kina kidogo kabisa, kiasi cha mita moja, na hapo jua lenyewe ndilo linaloua vimelea vya maradhi. Hakuna pampu lazima, hakuna umeme, na joto letu ambalo kila siku tunalilalamikia ndilo mtaji. Ulaya ya kaskazini mtindo huu ungekwenda kwa kusuasua.

Udhaifu wake ni binadamu. Mafuta ya kukaangia yanayomwagwa kwenye sinki la kantini yanaganda kwenye bomba, pedi na vifuko vinaziba, chemba inafurika kabla ya kufika bwawani, na majitaka yanatafuta njia yake kwenye mtaro wa mvua kuelekea bondeni kwa majirani. Kifuniko cha chemba kikifunguliwa wakati fundi wa bomba anazibua, utaona maisha yote ya hosteli kwa dakika tano. Nilisimama siku moja karibu na fundi mmoja akivuta kwa waya kitu kirefu cha kijivu ambacho nilidhani ni mzizi. Kilikuwa mafuta ya chipsi, yameganda na nywele na vipande vya sponji, unene wa mkono wangu. Akakiweka kwenye majani, akakiangalia, akasema kila Jumatatu ana kimoja. Alijua ni cha kantini ipi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Taka ngumu nitazipita haraka, maana zimesemwa sana. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, ukikutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000, na mifuko ikapungua kweli machoni. Kenya ilitangulia Agosti 2017 kwa adhabu kali zaidi. Somo la marufuku hizo ni kwamba sheria ilifanya kwa miezi michache kazi ambayo mabango hayakuifanya kwa miaka. Lakini taka za miji yetu, na za chuo pia, zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula, maganda na majani, na hizo ndizo zinazokwenda dampo kurundikana bila hewa na kutoa methani. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, lundo liliporomoka na kuua makumi ya watu. Chuo chenye bustani na jiko kina kila sababu ya kutengeneza mboji hapohapo. Kwetu yaliletwa mapipa ya rangi tatu, mazuri kweli. Tukatenganisha wiki tatu. Kisha asubuhi moja wanafunzi waliokuwa wanasubiri kipindi wakaliona lori likija, likamimina kijani, bluu na njano kwenye tumbo moja. Habari ilifika hosteli zote kabla ya saa nne. Tangu siku hiyo mapipa yale yalibaki faida ya tumbili.

Siku hizi vyuo vina orodha za dunia za kushindania ukijani. Inayojulikana zaidi, GreenMetric, ilianzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010, na kwa miaka mingi alama zake ziligawanywa hivi: nishati asilimia 21, taka, usafiri na elimu 18 kila moja, mandhari na majengo 15, maji 10. Inasaidia, walau inalazimisha mtu kukaa na kutafuta takwimu. Ila vyuo hujaza vyenyewe, na chuo chenye msitu mkubwa kilichorithi kitaonekana hodari hata kama hakijafanya lolote tangu kirithi. Mimi ningeipa alama zote shule inayojua ni jengo gani limekula yuniti ngapi mwezi uliopita.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mwanafunzi kazi yake ni dumu na ufagio tu. Januari 1999 msitu wa Karura, Nairobi, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ulikuwa unamegwa kwa siri kugawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mti langoni walipigwa na vijana waliokodiwa. Kabla mwezi haujaisha wanafunzi wa vyuo vya Nairobi waliingia barabarani kupinga, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa. Wengi wao hawakuwa wa klabu yoyote ya mazingira. Mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Wanafunzi wale walishahitimu zamani, wengine leo ni wazazi wanaokwenda Karura Jumapili kukimbia na kutembeza watoto. Kilichodumu ni uamuzi uliotangazwa, ulioandikwa, ambao aliyefuata aliukuta.

Ndiyo maana nikiulizwa na vijana wa chuo waanzie wapi, siwaambii wanunue fulana. Nawaambia wakatafute hati: mkataba wa kantini unasemaje kuhusu jiko na mafuta yaliyotumika, mkataba wa lori la taka unasemaje kuhusu kutenganisha, majengo mapya yatafungwa mita ndogo au hayatafungwa. Na kuna hazina nyingine inayolala rafuni. Kila mwaka mamia ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaandika miradi kuhusu taka za manispaa fulani au maji ya mto fulani, mbali, kwa nauli yao. Nusu yake wangeweza kuupima mji walio ndani yake. Mmoja akapima mita za hosteli mwaka huu, mwingine akaendelea pale alipoishia mwakani, ndani ya miaka mitano chuo kingekuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mshauri wa kukodi angeileta. Inataka tu mwalimu mmoja anayekubali kugawa mada hiyo kila mwaka bila kuchoka. Mwalimu, kwa bahati, ni miongoni mwa wachache wasioondoka Julai.

Wengine wasioondoka ni fundi wa bomba, mlinzi, na watu wa bustani. Mwaka wangu wa mwisho, baada ya aibu ya vijiti, tulimfuata mzee wa bustani. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu. Tukamweleza tunataka kupanda tena Juni 5. Akacheka kwa adabu, akaangalia mbingu isiyo na wingu hata moja, akatuuliza kama tumepata chakula. Kisha akatuchukua nyuma ya stoo. Kulikuwa na miche ya mkangazi na mkongo, kama sitini, ndani ya pakiti za maziwa na makopo ya rangi, imefunikiwa kivuli cha shuka kuukuu la hosteli lililofungwa kwenye vijiti vinne. Aliiotesha kwa mbegu alizookota mwenyewe. Tulimuuliza anaipanda lini. Akasema vuli ya kwanza ikishanyesha mara tatu, na kama wenzetu watakuwa wamesharudi, waje na majembe.